Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: ovari zimetolewa, matiti bado yapo

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, na ninyi nyote mnaoketi kuandika miongozo ya tiba na kupanga kitita cha bima ya afya kwa wote,

Nawasalimu kutoka Tanga.

Hapa mezani nimeweka karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo. Ni karatasi ya ruhusa ya mdogo wangu, ya mwaka 2013, siku alipotoka wodini baada ya kutolewa ovari zote mbili, yaani vile viungo vinavyotoa mayai ya uzazi. Haina mengi: jina lake, umri wake miaka 44, tarehe ya upasuaji, dawa ya maumivu, dawa ya kuzuia kidonda kisitunge usaha, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwenye foleni mlangoni, "arudi baada ya wiki 2 kutolewa nyuzi". Nimeisoma karatasi hii mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata kuandikiwa. Kila nikiisoma natafuta neno moja na silioni. Neno lenyewe ni titi.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 36, wodi za wazazi na wodi za upasuaji wa wanawake, hadi nilipostaafu mwaka 2022. Siandiki kumshitaki daktari wala hospitali. Kama kuna wa kuulizwa, wa kwanza ni mimi, na nitaeleza kwa nini.

Mama yetu alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 49. Tumbo lake lilianza kuvimba taratibu. Majirani wakasema ni mimba ya uzeeni, miezi ilipopita bila mtoto wakasema karogwa. Alipofikishwa hospitali alitolewa maji, na kila yalipotolewa yalirudi. Tukaambiwa ni saratani ya ovari na imeshasambaa. Mama yetu mkubwa, dada yake wa tumbo moja, alikuwa ametangulia miaka minne kabla, kwa saratani ya titi. Sisi hatukuviunganisha vifo hivyo. Kimoja kilikuwa cha tumbo, kingine cha kifua. Hata mimi niliyesomea uuguzi sikuviunganisha.

Aliyeviunganisha ni binti wa mama mkubwa, anayeishi Uingereza. Mwaka 2012 alikutwa na saratani ya titi akiwa hajafika hata miaka 45. Huko walimuuliza habari za mama yake, mama wadogo zake na bibi yake, wakachora ukoo mzima kwenye karatasi kwa miduara na miraba, kisha wakapima damu yake. Wakamkabidhi barua ya kuwapa ndugu zake wa damu popote walipo. Alitutumia kwa simu. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, ikitaja jeni iitwayo BRCA1, na hitilafu yenyewe imeandikwa kwa herufi na tarakimu kama namba ya gari. Ilisema ndugu wapewe nafasi ya kupimwa hitilafu hiyohiyo.

Tulichanga ukoo mzima, kama tunavyochangia harusi, damu yetu ikasafirishwa nje ya nchi. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mimi sikuirithi. Mdogo wangu aliirithi. Siku majibu yalipofika alinipa pole mimi, maana alinikuta nalia.

Niruhusuni nieleze kidogo jeni hizi, kwa ajili ya msomaji mwingine atakayeikuta barua hii. BRCA1 na BRCA2 tunazo sote, wanawake kwa wanaume. Kazi yake ni kusaidia seli kurekebisha vinasaba vinapokatika. Mwenye nakala mbovu aliyorithi anabaki na nakala moja nzima ya kumlinda, na hiyo nayo ikiharibika katika seli fulani, seli ile inaweza kugeuka saratani. Mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya kwanza ipo katika kromosomu ya 17. Ilipatikana yenyewe mwaka 1994, na ya pili mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi kampuni moja ya Marekani ilizimiliki kwa hataza na kipimo chake kiligharimu maelfu ya dola, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua Juni 2013 kwamba vinasaba vya asili havimilikiwi na kampuni. Tangu hapo bei imeshuka sana.

Hatari yenyewe ni hii. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia maelfu ya wanawake wa familia hizi, ulikadiria kwamba katika kila wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 72 watapata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80, na 44 watapata ya ovari. Kwa BRCA2 ni 69 na 17.

Na asije mtu akawaambia kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 1,136 wenye saratani ya titi. 7 katika kila 100 walikuwa na hitilafu ya BRCA1, na 4 ya BRCA2. Hao ni Waafrika wenzetu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mei 2013 habari za yule mwigizaji, Angelina Jolie, zilifika hadi kwenye redio zetu. Alikuwa na hitilafu ya BRCA1 kama ya mdogo wangu, akaandika gazetini kwamba ametolewa matiti yote mawili kabla hayajaugua. Mdogo wangu alisikiliza habari ile akiwa anachambua mchele, akasukuma ungo pembeni. Akasema, "Dada, mimi sikatwi matiti. Nina mume, nina binti anayekua, nitavaaje? Watoe ovari. Hizo hazionekani."

Nami nikamjibu kwa kauli ya muuguzi, kauli ambayo mgonjwa haibishii: "Ukitoa ovari, titi nalo linapona nusu."

Sikuitunga. Nilikuwa nimeisoma. Mwaka 2002 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha tafiti mbili kwa wakati mmoja, zote zikisema kwamba wanawake wenye hitilafu hizi wakitolewa ovari na mirija ya uzazi, saratani ya ovari inapungua mno na ya titi inapungua kwa karibu nusu au zaidi. Ilieleweka kwa akili pia. Ovari ndizo zinazotoa estrojeni, homoni ya kike inayochochea baadhi ya saratani za titi, na tangu mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alikwishaonyesha kwamba kuna wanawake wenye saratani kubwa ya titi ambao uvimbe wao ulinywea baada ya kutolewa ovari. Kwa hiyo kila kitu kilikaa sawasawa. Daktari aliyempasua naye alimwambia hivyohivyo, kwa nia njema kabisa.

Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walizirudia hesabu kwa wanawake 822 na kukuta kasoro katika namna makundi yalivyolinganishwa. Nitaieleza kama nilivyoielewa. Mwanamke anayepanda meza ya upasuaji akiwa na miaka 42 ameshaivuka miaka yote 42 bila saratani ya titi. Angeipata kabla, asingehesabiwa kwenye kundi lile. Upande wa pili waliwekwa wanawake ambao baadhi yao walikwenda kupima jeni kwa sababu titi lilikuwa limeshaugua. Ni sawa na kuwalinganisha waliokwisha kuvuka mto na waliookotwa majini, kisha useme daraja ndilo lililowaokoa wale wa kwanza. Kasoro hizo ziliporekebishwa, ile nusu ikatoweka. Mwaka 2017 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 3,722: kwa wenye hitilafu ya BRCA1 kutoa ovari hakukuonekana kupunguza saratani ya titi. Kwa wenye BRCA2 kulikuwa na dalili ya kinga dhidi ya saratani inayotokea kabla ya miaka 50, dalili inayohitaji kuthibitishwa. Hilo nalo si la kushangaza, maana saratani nyingi za titi za wenye BRCA1 ni zile zisizotegemea homoni, wakati za BRCA2 nyingi zinaitegemea.

Haya yote yalichapishwa wakati mdogo wangu yu hai na mzima. Mimi nilikuwa kazini, nikivaa sare kila siku. Katika wodi nilizofanya kazi hadi nastaafu sikuwahi kukabidhiwa ukurasa hata mmoja unaosema kwamba ule ushauri wa zamani umetikisika. Nilikuja kuyasoma mwaka 2020, kwa kuyatafuta mwenyewe, nikiwa tayari namuuguza.

Mwaka 2019 alinipigia simu asubuhi akaniomba nipite kwake nikitoka zamu. Alinipeleka chumbani, akafungua kanga, akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya titi la kushoto, upande wa kwapa. Kulikuwa na kivimbe kigumu, hakichezi, na ngozi juu yake imeanza kuvutwa ndani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani, yaani miezi saba. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana na wote.

"Dada, si tulishatoa?"

Mheshimiwa Waziri, mwanamke huyu hakuwa mzembe. Alikuwa amepima jeni wakati ambapo watu wengi hata neno hilo hawajalisikia. Alikuwa ameuza kiwanja kufidia gharama za upasuaji. Alifanya kila alichoambiwa. Aliacha kujichunguza matiti kwa sababu aliamini ameshalipia usalama wake, na aliyemwaminisha ni mimi, na karatasi ya ruhusa haikuwa na neno la kunipinga.

Alikatwa titi. Nilimshonea la kitambaa. La kwanza nilijaza sufi, likawa jepesi mno, likipanda juu kila akiinua mkono na bega lake likakaa upande. La pili nilichanganya sufi na mtama uliokaushwa vizuri, nikapima kwa mizani ya dukani hadi uzito ukalingana na la upande wa pili. Hilo alilipenda. Alilivaa kwenye harusi ya mtoto wa kaka, akacheza. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 52, saratani ikiwa imefika kwenye mapafu.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu najua barua kama hii inaweza kusomwa na mwanamke aliyepangiwa upasuaji wiki ijayo akaghairi. Sisemi ovari ziachwe. Mdogo wangu hakuugua ovari. Kilichomuua mama yetu hakikumgusa yeye, na naamini ni kwa sababu ya upasuaji ule. Saratani ya ovari hujificha. Inapojitokeza mara nyingi imeshatapakaa tumboni. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wa kawaida kwa miaka mingi, kwa vipimo vya damu na altrasaundi, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha vipimo hivyo havikupunguza vifo. Kwa hiyo hata kwa mwenye hitilafu hizi, kusubiri na kupima si kinga ya kutegemewa. Utafiti wa mwaka 2014 wa wanawake 5,783 ulikuta kwamba kutoa ovari kulipunguza saratani hiyo kwa asilimia 80, na vifo vya sababu zote hadi kufikia miaka 70 kwa asilimia 77. Huo ni uokozi mkubwa, na kila mwanamke wa Tanzania mwenye hitilafu ya BRCA anastahili kuupata. Ninachodai ni kwamba aambiwe kwa usahihi ameokolewa na nini, na bado anawindwa na nini.

Naomba basi mwongozo wa taifa uandikwe kwa lugha ambayo muuguzi wa zahanati ataielewa, na ndani yake iwemo sentensi inayosema kwamba kutoa ovari ni kwa ajili ya ovari. Sentensi hiyo iandikwe pia kwenye karatasi ya ruhusa, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: MATITI YAKO BADO YAKO HATARINI, ENDELEA KUPIMWA. Haigharimu kitu. Ni wino tu. Kisha iwepo tarehe ya kipimo cha kwanza cha matiti, papo hapo, chini ya tarehe ya kutoa nyuzi. Wenzetu walio mbele katika hili huwapima wanawake hawa kwa MRI ya matiti, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, kila mwaka kuanzia miaka 25, na kuanzia miaka 30 huongeza mamografia, yaani eksirei ya matiti. Kutolewa matiti yote mawili hupunguza saratani ya titi kwa asilimia 90 au zaidi, na mwanamke aambiwe hilo pia, bila kusukumwa, apewe muda wa kulia na kuzungumza na watu wake. Mdogo wangu alilikataa kwa nusu dakika juu ya ungo wa mchele kwa sababu mimi nilimpa njia ya mkato.

Mwongozo uwakumbushe madaktari kuondoa mirija pamoja na ovari. Siku hizi inajulikana kwamba saratani nyingi za aina hii kwa wenye BRCA huanzia kwenye ncha ya mrija, zile nyuzinyuzi zinazopokea yai, kisha ndiyo zinaangukia kwenye ovari. Na kilichotolewa kipelekwe maabara ya patholojia kikatwe vipande vyembamba na kuchunguzwa chote. Nimeshuhudia vikitupwa.

Kuna jambo lingine ambalo wanawake hawalisemi mbele ya wanaume, nami nitalisema. Mwanamke wa miaka 40 na kidogo akitolewa ovari, hedhi haikomi taratibu kama kwa bibi zetu. Inakoma siku hiyohiyo. Mdogo wangu alilala juu ya sakafu ya saruji karibu miaka miwili. Alikuwa analowesha kanga, anaikamua, anajifunika, inapokauka anaamka kuilowesha tena. Mumewe alidhani ana mashetani. Usingizi ulipotea, hamu ya ndoa ilipotea, na viungo vilimuuma kama mwanamke wa miaka 70. Mifupa na moyo navyo huathirika ovari zinapoondoka mapema. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua saratani ya titi, miongozo ya nje inaruhusu apewe dawa za homoni hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, miaka 50 hivi. Mdogo wangu hakuambiwa kwamba dawa hizo zipo. Ziingizwe katika kitita, na mume aitwe aelezwe kabla mkewe hajapasuliwa.

Kuhusu bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ninyi mnajua kuliko mimi kilichomo. Ninachojua mimi ni jibu alilopewa mdogo wangu na bima aliyokuwa nayo mwaka 2013: kwamba hailipii upasuaji wa mtu asiyeumwa. Mwaka 2019 alipoumwa, walilipa. Walilipa upasuaji, dawa za kuua seli za saratani, mionzi, damu, vitanda. Ninaomba mchukue kalamu mpige hesabu ya kipimo kimoja cha jeni na upasuaji mmoja wa siku mbili tatu, dhidi ya hayo yote.

Wala siombi apimwe kila mtu. Mwanamke yeyote mwenye saratani ya ovari apimwe. Mwenye saratani ya titi katika umri mdogo apimwe. Mwenye ile saratani ya titi isiyotegemea homoni apimwe. Akikutwa na hitilafu, ndipo ndugu zake waitwe, na hao wanatafutiwa hitilafu moja tu inayojulikana, kipimo chepesi na cha bei nafuu. Mngeanza na Ocean Road pale Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi, mahali ambapo wagonjwa wa saratani tayari wanafika. Awepo mtu mmoja tu katika kila moja wa kuchora ile miduara na miraba ya ukoo. Muuguzi anaweza kufundishwa kazi hiyo. Mimi ningeifanya bila malipo.

Na anayechora asiishie upande wa mama. Hili linanisumbua sana. Kila Oktoba tunavaa fulana za waridi, tunawafundisha wanawake kujipapasa, nami nimeshiriki mara nyingi. Swali la ukoo likiulizwa, huulizwa hivi: mama yako aliwahi kuugua titi? Baba hatajwi. Lakini baba huirithisha hitilafu hii sawasawa na mama, nusu kwa nusu, hata kama yeye mwenyewe hataugua maisha yake yote. Kaka yangu amekataa kupima. Anasema yeye mwanamume, hana ovari. Ana mabinti watatu. Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa ukali, nimemtuma shehe wetu amweleze. Pengine angeambiwa na daktari, ndani ya chumba, kwa karatasi yenye mhuri, angesikia.

Anachoogopa nakielewa. Ukoo ukijulikana una "saratani ya damu ya mama", posa zinapungua. Kwa hiyo majibu haya yalindwe kisheria, asije mwajiri au mwenye bima akayatumia kumbagua binti ambaye hata hajaugua. Marekani wana sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2008.

Mdogo wangu aliacha binti. Kwa desturi yetu ni mwanangu, maana mimi ni mama yake mkubwa, na tangu mama yake afariki anakaa kwangu. Ana miaka 28, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba wake ameshaleta barua. Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi, akaja akaketi kwenye kigoda karibu yangu, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Mama mkubwa, nikipima nikakuta ninayo, nakwenda wapi?"

Mama yake nilimjibu palepale. Yeye nilimwambia asubiri nimalize kuandika barua hii.

Kama ameirithi, ile MRI ya matiti ilipaswa kuanza akiwa na miaka 25, kwa hiyo hapo tumeshachelewa miaka 3. Umri unaoshauriwa kutoa ovari kwa mwenye BRCA1, akishamaliza kuzaa, ni kati ya 35 na 40. Hapo tunayo miaka 7, na katika miaka hiyo anatakiwa aolewe, apate watoto anaowataka, na nchi yake iwe imeshaandika ile karatasi.

Ninaweka nakala ya karatasi ya ruhusa ya mdogo wangu, jina nimelifuta. Nafasi ya kuandika sentensi ile ipo, chini ya "kutolewa nyuzi". Nimeipima kwa rula: ni sentimita 9.

Ni mimi,
Muuguzi mstaafu, Tanga